Umeijenga kompyuta upya, sasa programu zinagoma kuinstoli: anzia hapa

Desktop ya nyumbani kwetu ilikaa kabatini karibu mwaka mzima, madabodi ilikufa, na nikaamua niijenge upya kwa ajili ya mke wangu maana ndiye anayetunza hesabu za kikoba chao na kuandika kwenye simu kumemchosha macho. Nikapata madabodi iliyotumika ikiwa na prosesa yake, nikanunua SSD ya GB 240, nikachukua RAM mbili za GB 4 nazo zimetumika, boksi na pawasaplai vikabaki vilevile, na ile hadidiski ya zamani yenye picha za familia nikairudisha kama diski ya pili. Nikapiga Windows 10 kwa sababu prosesa yenyewe Windows 11 haiitaki. Ikaingia vizuri tu, nusu saa haikufika.

Shida ikaanza kwenye programu. Brauza inagoma, draiva ya printa (programu ndogo inayoifanya Windows iweze kuitumia printa) inagoma, programu ya kuandikia na kupigia hesabu inafika katikati halafu inarudi nyuma yenyewe kama hakuna kilichotokea, na kila moja ina ujumbe wake tofauti. Nilipoteza siku tatu na bando la GB 10, na naandika hapa kwa mpangilio ambao ningeufuata leo ningeanza upya, ili wewe usipite nilikopita.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaanza. Programu moja ikigoma inawezekana programu ndiyo mbovu, ila programu tatu nne zikigoma kwenye mashine moja uliyotoka kuijenga, tafuta kwenye mashine. Kuna kitu umekibadilisha au kuna kitu hakijakaa sawa, na kudanlodi faili lilelile mara ya tano hakukirekebishi.

1. Soma kilichoandikwa, na kipige picha

Watu wengi wakiona kidirisha cha kosa wanabonyeza OK haraka kiondoke. Usifanye hivyo. Toa simu, piga picha, halafu tafuta namba. Zile namba ndizo zinazokuonyesha uende wapi, na zinazojirudia kwa watu waliojenga mashine upya siyo nyingi.

1618 maana yake kuna kitu kingine kinainstoliwa muda huohuo. 1619 maana yake faili la kuinstolia limeshindwa kufunguka, mara nyingi limeharibika au limekaa mahali Windows haifiki. 1633 ni kwamba umechukua vesheni isiyoendana na aina ya prosesa au Windows uliyonayo. 1327 inalalamikia herufi ya diski ambayo haipo. 0x80070070 ni diski imejaa, 0x80070005 ni umekataliwa ruhusa. Na 1603, ambayo ndiyo utakutana nayo sana, yenyewe inasema tu kwamba kuna kitu kimekwama katikati, haikwambii ni nini, hiyo nitaifikia mbele kwenye logi, lile faili ambalo setapu (faili la kuinstolia) inaandika kila hatua yake.

Kama hakuna namba, andika maneno ya Kiingereza kama yalivyo, neno kwa neno, maana ukienda kuuliza ukasema tu "inagoma" hakuna fundi atakayekusaidia kwa simu.

2. Ristati, siyo kuzima

Hii ni ya dakika mbili lakini ina siri yake. Windows 10 na 11 ukibonyeza Shut down hazizimi kila kitu, kuna kipande cha mfumo zinakihifadhi kwenye diski ili kesho ziwake haraka, kwa hiyo kilichokwama leo kinaweza kuamka nacho kesho. Restart ndiyo inayosafisha kabisa. Na Windows mpya ikishapata intaneti tu inaanza kujishushia apudeti na draiva kimyakimya, wewe unaona mashine imetulia kumbe nyuma inainstoli, ukianzisha na ya kwako unapata 1618. Iache imalize. Nenda Settings, kwenye Windows Update, ngoja mpaka iseme haina kilichobaki, ristati, angalia tena, maana mara nyingi baada ya kuristati inaibuka na nyingine. Kwa mtandao wa simu hii inaweza kula jioni nzima, na bado ni bora kuliko kupigana nayo.

3. Tarehe, saa, na betri ndogo ya kwenye madabodi

Hapa nataka ukae kidogo kwa sababu ndipo brauza yangu ilipokuwa imekwama, na sikudhani kabisa.

Kila tovuti salama ina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Programu yenyewe nayo imesainiwa na aliyeitengeneza, saini nayo ina tarehe. Kompyuta inalinganisha tarehe hizo na saa yake. Sasa kama saa ya mashine inasoma mwaka 2009, kwake vyeti vyote vya leo ni vya siku ambazo hazijafika, inavikataa, na programu zinazojivuta zenyewe kutoka intaneti zinakufa zikisema haziwezi kuunganishwa na seva, wakati wewe unaona intaneti ipo.

Madabodi iliyotumika ambayo imekaa dukani bila umeme, betri yake mara nyingi imeshakufa. Ni kile kidude cha duara kama shilingi, kimeandikwa CR2032, kazi yake ni kuifanya saa itembee wakati mashine imechomolewa umeme. Dalili yake ni hii: unarekebisha tarehe, mashine inafanya kazi vizuri, unachomoa waya usiku, asubuhi tarehe imerudi nyuma na wakati mwingine skrini ya kwanza inakwambia ubonyeze F1. Ya kwangu niliipima kwa mita, ikasoma volti 2.1, wakati mpya inasoma 3 na ushee.

Kubadilisha: zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi kutoa umeme wa mwilini, halafu sukuma kile kimkono cha pembeni ya betri kwa ukucha au kijiti cha plastiki, betri inaruka yenyewe. Mpya inaingia upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Betri hizi zipo hata kwenye maduka ya saa, na ni rahisi. Ukiwasha ingia BIOS, yaani mipangilio ya madabodi yenyewe kabla Windows haijawaka, mara nyingi kwa Delete au F2, mashine nyingine F10, weka tarehe na saa, na angalia kama mpangilio wa diski umebadilika, maana betri ikitoka BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

Halafu kuna saa za eneo. Windows ukiipiga na kuchagua lugha ya Kiingereza cha Marekani bila kuangalia, inakuwekea saa za Pacific, ambazo zimepishana na zetu masaa kumi au kumi na moja kutegemea msimu wao. Mtu anaona saa siyo, anairekebisha kwa mkono hadi ifanane na ya ukutani, anaridhika, kumbe kwa hesabu za ndani mashine bado imekosea masaa kumi. Ingia Settings, Time & Language, kwenye eneo chagua UTC+03:00 Nairobi, hiyo ndiyo yetu Tanzania, Kenya na Uganda, hata kama upo Dar au Kampala usihangaike kutafuta jina la mji wako. Kisha bonyeza Sync now. Kama saa imepishana miaka, iweke kwanza kwa mkono ikaribie, kwa sababu tofauti ikiwa kubwa mno Windows inaweza kukataa kujirekebisha yenyewe.

Baada ya hapo brauza yangu iliingia mara moja, na lile faili lilikuwa lilelile la siku ya kwanza.

4. Biti 32 au 64, na umri wa Windows yako

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, utaona vesheni. Kisha Settings, System, About, soma mstari wa System type.

Kama inasema 32-bit, umepigiwa Windows isiyofaa kwa kazi za leo. Mafundi wengi bado wanatembea na fleshi ya biti 32 kwa mazoea ya zile mashine za RAM GB 2. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 za RAM hata uweke 16, na programu ya biti 64 haiingii hata uiombe vipi, ndiyo inakuletea ule ujumbe kwamba programu haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Kutoka 32 kwenda 64 hakuna njia ya mkato, hamisha mafaili yako, piga Windows upya. Kinyume chake hakina tabu, programu za biti 32 zinaingia kwenye Windows ya 64, isipokuwa draiva, draiva lazima ilingane. Draiva yetu ya printa ndicho kilichoikwamisha, kwenye CD iliyokuja nayo kulikuwa na ya 32 peke yake, nikachukua ya 64 kwenye tovuti ya mtengenezaji na ikaisha hapo.

Kama umepiga Windows 7 kwa sababu mashine ni ya zamani, ujue Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni 109. Setapu mpya ya brauza inakugomea kwa haki kabisa. Windows 10 nayo huduma ya kawaida ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, programu nyingi bado zinaingia ila anza kuangalia masharti ya kila moja kabla ya kudanlodi.

Na prosesa. Hii inawapata wanaojenga kwa madabodi za kizamani kama sisi. Kuna programu za kuhariri video na magemu yanayodai amri za prosesa zinazoitwa AVX, na Core 2 Duo haina hizo, kwa hiyo inagoma au inaingia halafu inafunga yenyewe ukiifungua. Hakuna cha kurekebisha hapo, tafuta vesheni ya zamani ya programu hiyo au programu nyingine ya kazi ileile.

5. Faili lenyewe na fleshi iliyolileta

Faili linaweza kuwa limekatika njiani, hasa ukidanlodi kwa mtandao unaokatikakatika. Angalia ukubwa wake ulingane na ulioandikwa kwenye tovuti. Bofya kitufe cha kulia, Properties, angalia kama kuna ukurasa wa Digital Signatures na jina la kampuni iliyotengeneza, programu kubwa za kueleweka karibu zote wanazo. Kama tovuti imeandika SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike:

certutil -hashfile C:\setapu.exe SHA256

Weka njia ya faili lako hapo, halafu linganisha. Herufi moja ikipishana faili siyo lile.

Nilipofanya hivi kwa ile programu ya kuandikia nilipata namba isiyolingana. Nikasema sawa, limeharibika, nikadanlodi tena, MB mia tatu na kitu. Namba ikaja nyingine, nayo hailingani. Kwa hasira nikairudia amri ileile kwenye faili lilelile bila kugusa kitu, ikaja namba ya tatu. Ishike hiyo, nitairudia mwishoni.

Fleshi nazo. Zipo fleshi za mtaani zimeandikwa GB 64 na hata kompyuta inaonyesha 64, ndani zina 8 tu, ukijaza zaidi ya hapo zinaandika juu ya vilivyotangulia na hazikwambii. Ukikopi setapu kutoka fleshi ya namna hiyo faili linaonekana zima kwa jina na ukubwa, ndani ni takataka. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, inaijaza fleshi yote kisha inaisoma tena na kukupa ukweli wake. Kwa vyovyote kopi setapu kwanza iwe kwenye diski C, ndiyo uifungue, usiinstoli ukiwa juu ya fleshi wala kutoka ndani ya faili la zip.

Na kwa sisi tunaohesabu bando, tafuta ile inayoitwa offline installer. Setapu ya MB 2 siyo programu, ni kijumbe tu kinachokwenda kuivuta programu intaneti, mtandao ukiyumba kinaanza mwanzo.

6. Nafasi

Ufupi tu. SSD ya GB 120 ikishabeba Windows na apudeti zake inabana haraka, na setapu inahitaji nafasi ya kujikunjua mbali na nafasi ya programu yenyewe. Acha angalau GB 20 wazi kwenye C. Windows + R, andika %temp%, futa vilivyomo, vitakavyokataa kufutika viache. Hata ukiamua programu ikae D, setapu bado inajikunjulia C.

7. Vile visaidizi ambavyo kompyuta ya zamani ilikuwa navyo

Hapa watu wanasema "mbona kabla sijaijenga upya programu hii ilikuwa inafanya kazi". Ilikuwa inafanya kazi kwa sababu miaka yote ile programu nyingine zilileta visaidizi vyake, vikakaa humo, sasa umesafisha kila kitu.

Ukiona inalilia VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll, kinachokosekana ni Visual C++ Redistributable, na ipo bure kwa Microsoft wenyewe. Kwa Windows ya biti 64 weka zote mbili, x86 na x64, maana programu ya biti 32 inatafuta ya kwake hata kama Windows ni 64. Naomba sana usiende kwenye zile tovuti zinazokupa DLL (hayo mafaili yenye .dll mwishoni) mojamoja uibandike kwenye System32. Unaweka kipande usichokijua kimetoka wapi ndani ya moyo wa mashine, na mara nyingi kosa linageuka kuwa 0xc000007b, yaani sasa umechanganya vya 32 na vya 64.

Programu za zamani, hasa za uhasibu na za kuuzia dukani, zinadai .NET Framework 3.5. Windows 10 haiji nayo ikiwa imewashwa. Control Panel, Programs, Turn Windows features on or off, weka tiki. Inataka kuivuta intaneti, ikishindwa inatoa 0x800F081F, na kama fleshi uliyopigia Windows bado unayo huhitaji intaneti. Ichomeke, tuseme imesoma kama F, fungua Command Prompt kama administrator, andika kwa mstari mmoja:

dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:F:\sources\sxs /limitaccess

Fleshi iwe na Windows ya vesheni ileile uliyoipiga, vinginevyo itakataa.

8. Hadidiski ya zamani inaleta mabaki yake

Kwenye diski ya pili utaona folda zako zote za programu zipo, umefurahi, unabofya na hazifunguki. Programu siyo folda tu. Wakati wa kuinstoli iliandika mambo yake kwenye rejista ya Windows, lile daftari lake la mipangilio, na rejista hiyo ilikuwa ya Windows ya zamani, hii mpya haina habari nayo. Kwa hiyo zinainstoliwa upya, zile folda za zamani zibadilishe jina, kwa mfano uongeze neno zamani mwishoni, usiinstoli juu yake, maana setapu nyingine zikikuta folda yenye jina lake zinadhani programu ipo, zinajaribu kuifanyia ukarabati na kufeli.

Pia folda hizo ni mali ya mtumiaji wa Windows ya zamani. Hata kama jina lako ni lilelile, kwa Windows mpya wewe ni mtu mwingine, na hapo ndipo inatokea 0x80070005. Kwa folda za data zako, picha na nyaraka, bofya kulia, Properties, Security, Advanced, badilisha Owner uweke jina lako, weka tiki ya kuhusisha folda za ndani. Fanya folda mojamoja unazozihitaji, diski nzima usiiguse.

Na ile 1327 niliipata hivi. Niliihamishia Documents kwenye hadidiski ya zamani iliyokuwa E ili SSD isijae, siku moja nikaichomoa nimkopie dada yangu picha za harusi, nikasahau kuirudisha, nikaanza kuinstoli programu. Setapu ikaiulizia Documents, ikaambiwa ipo E, E haipo, ikasimama hapohapo, ingawa programu yenyewe wala haikuwa na habari na E. Ukirudisha diski na herufi yake imeisha. Kama diski imekufa moja kwa moja, fungua regedit, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\User Shell Folders, ile inayoitwa Personal irudishe iwe %USERPROFILE%\Documents, halafu ristati. Kabla hujagusa chochote humo, File, Export, uhifadhi nakala.

9. Walinzi wa Windows

Kama akaunti yako siyo ya administrator, bofya kulia kwenye setapu, Run as administrator. Kama inasema programu lazima itoke Microsoft Store, aidha upo kwenye S mode, yaani Windows iliyofungwa ikubali programu za Store peke yake, ambayo kuitoa ni bure ila huwezi kuirudia, au kwenye Settings, Apps, kuna chaguo la kuruhusu programu za Store tu, libadilishe. Windows 11 iliyopigwa upya ina kitu kinaitwa Smart App Control, kinazuia programu zisizo na saini inayoeleweka, nacho kinawashika sana wanaotumia programu ndogondogo za waandishi binafsi.

Antivairasi ikizuia setapu, jiulize kwanza setapu umeitoa wapi. Ukiwa umeichukua kwa mtengenezaji na saini ipo, ni sawa kuisimamisha kwa muda mfupi na kuirudisha. Ukiwa umeichukua kwa mtu kwenye fleshi ikiwa na folda ya krak (ya kuvunja leseni ya programu) pembeni na maelekezo ya kuzima antivairasi kwanza, iache. Kompyuta hii ina hesabu za akina mama ishirini na mbili waliomwamini mke wangu na pesa zao, siwezi kufungulia mlango kitu nisichokijua. LibreOffice ni ya bure kabisa na inafungua mafaili ya Word na Excel, ndiyo tunayotumia.

Kuna na zile Windows zilizopunguzwa uzito, zinasifiwa kwamba ni nyepesi. Zimetolewa vipande ndani, na vingine ndivyo setapu inavyovitegemea. Kama ulipigiwa hiyo, hatua zote nyingine ni kupoteza muda. Pata ISO (faili lenye Windows nzima) ya Microsoft, tengeneza fleshi kwa Media Creation Tool, inahitaji fleshi ya kuanzia GB 8, piga upya.

10. Logi, kwa ile 1603 isiyosema kitu

Kwanza kagua Windows yenyewe. Command Prompt kama administrator, andika dism /online /cleanup-image /restorehealth, ngoja imalize, halafu sfc /scannow. Ya kwanza inahitaji intaneti. Zikisema zimekuta uharibifu na kuurekebisha, ristati ujaribu tena.

Bado? Kama setapu ni ya aina ya msi, iendeshe hivi:

msiexec /i C:\setapu.msi /l*v C:\Users\Public\logi.txt

Ikishafeli fungua hiyo logi kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, tafuta Return value 3. Mistari kumi hivi juu ya hapo ndiyo yenye sababu: folda iliyokataa, faili lisilosomeka, huduma isiyowaka. Ina maneno mengi ya kuchosha ila usisome yote, soma hapo tu. Ya kwangu ilisema faili la kabu, yaani furushi la mafaili yaliyobanwa lililo ndani ya setapu, limeharibika. Nikajaribu tena, ikafeli tena, safari hii kabu nyingine kabisa.

11. RAM

Hapo ndipo nikakumbuka zile namba tatu za certutil. Faili moja, halijaguswa, linapimwa mara mbili linatoa majibu mawili. Faili halibadiliki lenyewe likiwa limekaa, kinachobadilika ni kule linakopitia likisomwa, yaani RAM. Setapu ni faili lililobanwa, biti moja ikigeuka wakati wa kulikunjua hesabu haikubali na kila kitu kinarudi nyuma. Picha inaweza kuwa na nukta iliyoharibika usiione, video ikaruka kidogo usijali, setapu haisamehi. Ndiyo maana mashine yenye RAM mbovu inaweza kuwaka vizuri, ikacheza muziki siku nzima, na bado ikagoma kuinstoli.

Windows + R, andika mdsched, ichague kuristati na kupima. Ikisema hakuna shida na bado una wasiwasi, tumia MemTest86, inawakia kwenye fleshi kabla ya Windows, iache usiku mzima. Ikitoa hata kosa moja, zima, chomoa umeme, toa RAM, sugua yale meno ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi la kifutio lote, rudisha mpaka vibano vya pembeni vilie tiki. Pima tena. Kama makosa bado yapo, acha moja tu upime, kisha nyingine kwenye tundu lilelile, ujue mbovu ni ipi. Ukikuta zote zinafeli kwenye tundu moja na kupita kwenye jingine, mwenye shida ni tundu.

Ya kwetu moja ilikuwa safi, ya pili ilitoa makosa mengi ndani ya dakika kumi. Nikaitoa. Na hapa usiishie kuinstoli programu, kwa sababu Windows yenyewe nilikuwa nimeipiga ikipitia RAM ileile mbovu, sfc ilikuwa imeshaniambia kuna mafaili yameharibika nikadhani ni kawaida. Nikapiga Windows upya nikiwa na GB 4 tu, saa za eneo zikiwekwa palepale mwanzoni, draiva za madabodi na mtandao, apudeti mpaka ziishe, Visual C++ zote mbili, halafu programu moja baada ya nyingine. LibreOffice iliingia kwa dakika nne. Certutil nikaipiga mara tatu mfululizo, namba ikaja ileile mara zote tatu, na ilikuwa sawa na ya kwenye tovuti.